Wanaopokezana: Tuionavyo Kazi ya Justinian Tamusuza

Aghalabu mtunzi wa muziki wa kuandikwa akitajwa mbele ya watu wetu, fikra zao huruka moja kwa moja hadi Ulaya. Humfikiria Bach, humfikiria Beethoven, humfikiria mzee mwenye nywele za bandia aliyeinamia kinanda katika jumba la mfalme. Ni nadra mtu kufikiri kwamba mtunzi wa namna hiyo aweza kuwa jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyanza, Mganda aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye lugha ya mama yake ni ndugu wa lugha yetu. Mtu huyo yupo, na jina lake ni Justinian Tamusuza. Katika insha hii tumekusudia kueleza kwa ufupi maisha na kazi yake, kisha tuupime utungo wake mmoja uliosikika duniani kuliko tungo nyingine zake, na mwisho tuseme una maana gani kwetu sisi tuishio katika kisiwa kidogo cha Chole, Mafia.

Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo sisi ni nani. Hatukusomea muziki. Tumesoma hadi sekondari, tumefanya kazi serikalini kwa miaka mingi, na tunatunga mashairi. Nota za muziki hatuzisomi. Lakini mtunga mashairi ni mtu wa mizani, na mizani ni jambo la sikio kabla halijawa jambo la karatasi. Kwa sikio hilo tu ndipo tunapothubutu kusema.

Maisha na Masomo

Mtu aliyezaliwa Buganda mwaka 1951 alizaliwa wakati muziki wa Kabaka ungali hai. Katika kasri la Mengo walikuwako wapiga ngoma, wapuliza filimbi, wapiga marimba na wapiga zeze, kila kundi na zamu yake na kijiji chake. Kazi zile zilirithiwa, na vijana walijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa zao. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalilishambulia kasri lile. Kabaka alikimbilia uhamishoni, wanamuziki wakatawanyika, na ala nyingi zikateketea. Mwaka uliofuata falme za Uganda zilifutwa, wala hazikurejeshwa hadi mwaka 1993. Tamusuza alikuwa kijana wa karibu miaka kumi na mitano wakati kasri lilipoanguka. Alikuwa na karibu miaka ishirini Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, na karibu miaka ishirini na minane vijana wetu wa Tanzania walipoingia Kampala mwezi Aprili 1979. Ujana wake wote, basi, ulipita katika nchi iliyokuwa ikivunjika vyombo vyake.

Hata hivyo si kila kitu kilivunjika. Alikuwako Evaristo Muyinda, mpiga marimba wa Kabaka, ambaye alifundisha wengi nje ya kasri na akafanya kazi katika Makumbusho ya Uganda. Alikuwako pia Joseph Kyagambiddwa, mtunzi aliyezaliwa kabla ya Tamusuza kwa kizazi kizima. Mwaka 1955 Kyagambiddwa alichapisha Marekani kitabu juu ya muziki wa chimbuko la Mto Naili, na ndani yake aliziandika nyimbo za marimba za Kiganda. Mwaka 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, utungo mkubwa wa Kyagambiddwa juu ya mashahidi hao, wa sauti za waimbaji na ngoma, uliimbwa Roma. Kwa hiyo njia ilikwisha kufyekwa. Tamusuza hakuwa wa kwanza kuipita, na kumsifu kana kwamba aliibuka peke yake ni kumdhulumu aliyemtangulia.

Tamusuza alikulia katika muziki wa Kiganda na katika muziki wa kanisa. Baadaye alikwenda Belfast, Ireland ya Kaskazini, akasoma utunzi katika Chuo Kikuu cha Queen's chini ya Kevin Volans. Huyu Volans ni mtunzi wa Afrika Kusini aliyekwisha jiuliza maswali mengi juu ya namna nyuzi za Ulaya ziwezavyo kubeba muziki wa Afrika. Kisha Tamusuza alivuka bahari kwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari wa muziki katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Amefundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere, na hilo la kurudi kufundisha tunalihesabu kuwa miongoni mwa mema yake makubwa, kwa maana wasomi wengi wa nchi zetu waliovuka bahari hawakurudi.

Utungo Wenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tamusuza alitunga utungo wa fidla mbili, fidla nene iitwayo viola, na selo. Aliupa jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Sehemu yake ya kwanza, iitwayo Ekitundu Ekisooka, ilipigwa na kundi la Kronos la San Francisco, na mwaka 1992 ikatoka katika santuri yao ya tungo za Kiafrika, Pieces of Africa. Humo Tamusuza amekaa pamoja na watunzi wengine sita, akiwemo mwalimu wake Volans, na Hamza El Din, yule Mnubi bingwa wa udi. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard la Marekani, si orodha moja bali mbili: ya muziki wa kuandikwa wa Kizungu, na ya muziki wa mataifa.

Natutazame kwanza jina. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani mrefu. Omusaalaba ni msalaba wetu, neno la asili ya Kiarabu lililopanda bara kutoka pwani pamoja na misafara, wahubiri na biashara. Neno limesafiri kutoka kwetu kwenda Buganda, na kutoka Buganda limekwenda Marekani juu ya jalada la santuri. Wanaosema kwamba utamaduni wa taifa ni kitu kilichofungwa ndani ya mipaka na walifikirie neno hilo moja.

Sasa tuje kwenye sauti. Ili kuuelewa utungo huu hapana budi kuyaelewa marimba ya Kiganda yaitwayo amadinda. Yana mabao kumi na mawili, yamelazwa juu ya migomba, na hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakielekeana. Wa kwanza hupiga mfuatano wake wa sauti kwa mwendo usiobadilika. Wa pili huingiza mfuatano wake katikati, kila pigo lake likianguka penye nafasi iliyoachwa na mwenziwe. Hakuna kati yao aliye na wimbo. Wimbo huzaliwa kati yao. Wa tatu huusikiliza, na kila sauti mbili za chini zinapopita, yeye huzirudia juu, katika mabao mawili ya mwisho. Ukimwondoa mmoja, waliobaki hawapigi nusu ya wimbo. Hupiga kitu kingine kabisa.

Hilo ndilo Tamusuza alilolipeleka katika fidla. Tunasikia vipande vifupi, vya sauti tano, vinavyorudiwa na kupishana. Nyuzi zinadonolewa, nyuzi zinasuguliwa, na sikio linashindwa kusema sauti hii imetoka kwa nani. Mtunzi wa Ulaya wa zamani aghalabu humpa fidla ya kwanza wimbo, na wengine huwa kama watumishi wake. Hapa hakuna bwana wala mtumishi. Hili si pambo la juujuu. Mtunzi hakuchukua wimbo wa kwao akauvika nguo ya kigeni, kama walivyofanya wengi. Alichukua utaratibu wa kwao wa kufanya kazi pamoja, akawatia Wazungu wanne ndani yake. Huo, kwa maoni yetu, ndio ushindi wa utungo huu.

Tutaje ushahidi wa sikio lisilosoma. Sisi tuliupata utungo huu kwa mgeni aliyefika Chole na kutusikilizisha kwa simu yake. Baadaye tuliupeleka pwani, wanapoundia majahazi, tukawasikilizisha mafundi waliokuwa wakikalafati. Hatukuwaambia ni wa nani wala wa wapi. Wawili kati yao walikuwa wakishindilia pamba katika maungio ya mbao, nyundo ya mmoja ikishuka wakati ya mwenziwe ikipanda, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Fundi mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia: "Mwanangu, hawa wanapokezana. Kila mtu ana lake, lakini kazi ni moja." Tumesoma maelezo ya wataalamu juu ya muziki wa aina hii, na hatukuona lililozidi neno la mzee yule.

Lawama Tulizo Nazo

Mhakiki asifuye tu hana faida. Tunazo lawama tatu, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni ya mshairi. Kiganda ni lugha ya toni. Neno likipandishwa au kushushwa sauti hubadilika maana. Kwa sababu hiyo marimba ya Buganda hayakuwa kamwe muziki mtupu. Mpigaji alipopiga, wasikilizaji walisikia maneno: sifa za Kabaka, misiba ya vita, masimango, mafumbo. Maneno hayo yakihamishiwa katika fidla mbele ya watu wasiojua Kiganda, husalia kama shairi lililosomwa kwa ta-ta-ta. Mizani ipo, vina vipo, lakini ujumbe umekaa kimya. Msikilizaji wa Chicago anafurahia mwendo, wala hajui kama kuna alichokosa. Yatupasa kukiri kwamba nasi wa Chole tuko katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa Kiganda hatukijui. Ila sisi walau tunajua kwamba kuna mlango ambao hatukuufungua.

Ya pili ni ya sauti zenyewe. Hatua tano za marimba ya Kiganda zinakaribia kulingana, wala hazikai barabara juu ya vibonyezo vya piano. Karatasi ya nota ilitengenezwa kwa ajili ya hatua nyingine. Fidla, ambayo haina vizuizi shingoni, yaweza kuzifuata hatua za Kiganda kama mpigaji amezisikia tangu utotoni. Lakini mpigaji asiyezisikia ataisoma karatasi kama alivyofundishwa kwao. Lawama hii hatumtupii mtunzi peke yake. Tunasema tu kwamba karatasi huhifadhi mifupa, na nyama hubaki kwa mwalimu. Kyagambiddwa aliandika, lakini lau Muyinda asingefundisha kwa mkono, kitabu peke yake kisingetosha.

Ya tatu ndiyo nzito. Je, utungo huu ulitungwa ili usikilizwe na nani? Tunaukumbuka mwaka 1928, Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, kwa kuwa kwetu hapakuwa na chombo cha kumrekodi. Alirekodiwa na kampuni ya kigeni, tena kwa faida ya kampuni hiyo. Lakini santuri zile zilitengenezwa ili zirudi huku ziuzwe kwetu. Zilipigwa katika mikahawa na barazani, na mwambao wote ukamjua. Santuri ya mwaka 1992 ilivuka bahari, ikabaki huko. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tulikuwa na redio majumbani mwetu, na wala hatukuwahi kuusikia utungo huo hata siku moja. Mtunzi wa Afrika Mashariki alishika nafasi ya kwanza Marekani, na Afrika Mashariki haikupata habari. Katika hili mkosaji si Tamusuza. Mtunzi huandikia wapigaji alio nao, na nchi zetu hazikumpa kundi la fidla nne.

Je, Fidla ni ya Kigeni?

Wapo watakaosema: mambo ya fidla na karatasi si yetu, tuyaache. Tunawajibu kwa mambo mawili.

Kwanza, fidla si ngeni pwani. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na taarabu iliyokua huko imeichukua fidla, udi na ganuni, hata leo arusi ya Kiswahili yenye fidla haimshangazi mtu. Tuliipokea kutoka Misri, tukaifundisha kusema Kiswahili. Kama sisi tuliweza, Mganda hakatazwi.

Pili, neno hili lilikwisha amuliwa na aliyetutangulia. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, aliwasikitikia wale waliojua dansi za Kizungu bila ya kujua ngoma za kwao. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza lolote kwa wengine ni taifa la watu wasio na akili. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza, wakaisahau ya pili. Tamusuza amezitimiza zote mbili: hakuiacha ngoma ya kwao, wala hakuogopa kujifunza. Na hapa kwetu Tanzania, Padre Stephen Mbunga, aliyechapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu, alikuwa akilishughulikia swali hilo hilo kabla Tamusuza hajaanza masomo ya utunzi. Sisi ni Waislamu, na nyimbo za kanisa si nyimbo zetu. Lakini kaswida tuimbazo wakati wa maulidi nazo zina maneno yaliyotoka mbali na mahadhi yaliyokomaa hapa hapa. Jambo ni lile lile.

Funzo kwa Chole

Chole ilikuwa mji mkuu wa Mafia tangu enzi ya Masultani wa Unguja, hadi Wajerumani walipouhamishia makao Kilindoni mwaka 1913. Maghofu ya nyumba za mawe na chokaa yangalipo, mizizi ya mitini imeyakumbatia, na wageni huja kuyapiga picha. Ghofu la jiwe lina bahati. Mtu akilisahau miaka mia, litamngoja. Ngoma haina ghofu. Wakifa wanaoijua, pale ilipokuwa hapabaki hata alama.

Tunalisema hili kwa uchungu wetu wenyewe. Mwaka 1998 tulirekodi kanda nne za wapiga ngoma wazee na kina mama waliozijua nyimbo za zamani za arusi na za kazi. Tulizipeleka ofisi moja ambayo hatutaitaja, ili zitolewe nakala. Hazikurudi. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Tukaandika tena, hatukujibiwa. Wengi wa wazee wale wamekwisha kwenda mbele ya haki. Lakini tukiilaumu ofisi ile peke yake tutakuwa waongo. Sisi ndio tuliozitoa kanda bila ya kubakiza nakala. Sisi ndio washairi tusioandika hata ubeti mmoja wa yale maneno, kwa kudhani kwamba mashine imekwisha tusaidia. Katika miaka ya karibuni tumekwenda kwa wachache waliobaki, tukayaandika maneno wanayoyakumbuka. Mahadhi na mapigo hatuwezi kuyaandika, kwa sababu hatujui. Tunalo daftari lililojaa maneno, nalo ni kama mashua iliyokamilika mbao isiyo na tanga.

Hapo ndipo kazi ya Tamusuza inapotugusa sisi kuliko wapenzi wa muziki wa San Francisco. Yeye ni ushahidi kwamba mtoto wa hapa aweza kukaa miguuni pa wazee na pia kukaa darasani, akatoka na kalamu inayojua mambo yote mawili. Hatusemi kila kisiwa kitoe mtunzi wa fidla nne. Tunasema kwamba wanaojua nota katika nchi yetu wasingoje wageni wawaagize kazi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na hadi leo taasisi ile ingalipo. Kutoka Bagamoyo hadi Mafia si mbali kama Belfast. Kijana mmoja wa chuo, akiletwa Chole kwa msimu mmoja tu, akae na wazee waliobaki, aandike wapigacho, kisha awapigie tena wamsahihishe, angefanya kazi ambayo baada ya miaka kumi haitawezekana kwa fedha yoyote. Na nakala ya kwanza ya kazi hiyo iachwe hapa kisiwani, kwa wenyewe, kabla haijapelekwa ofisi yoyote.

Hukumu yetu juu ya Ekitundu Ekisooka, basi, ni hii. Ni utungo mzuri na wa kweli. Umepungukiwa na maneno yake, na umechelewa kuwafikia wenyewe, lakini moyo wake ni wa Buganda, na haukuombwa radhi kwa kuwa hivyo. Msomaji akiupata na ausikilize mara mbili: mara ya kwanza amfuate mpigaji mmoja tu, mara ya pili amwache, asikilize kinachozaliwa kati yao. Fundi wetu wa kalafati aliomba ausikilize tena jioni ile, baada ya nyundo kuwekwa chini, na aliwaita wajukuu zake waje kukaa karibu naye.